Kutengwa kunavyouma, na kunavyokaza misimamo

Kwenye skrini kuna vikaragosi vitatu vinavyorushiana mpira. Kimoja ni chako. Viwili vingine umeambiwa vinachezeshwa na watu usiowafahamu. Ukirushiwa mpira, unabonyeza kitufe kuchagua wa kumrushia. Unaupata mara moja, mara mbili, halafu wale wawili wanaanza kupeana wenyewe kwa wenyewe, na wewe unabaki kutazama mpaka mchezo uishe. Hujatukanwa wala hujapoteza hata senti. Hata hivyo wengi huinuka pale wamenyong'onyea.

Mchezo huo, Cyberball, ulibuniwa na mwanasaikolojia Kipling Williams na wenzake ili kupima kinachompata mtu anapotengwa. Wachezaji wengine hawapo. Ni programu tu ya kompyuta. La kushangaza ni kwamba hata walioambiwa mapema kuwa wanacheza na kompyuta waliumia. Mwaka 2003, Naomi Eisenberger na wenzake nchini Marekani waliwachezesha watu 13 wakiwa ndani ya mashine ya MRI. Walipotengwa, sehemu ya ubongo iitwayo singuleti ya mbele, ambayo huhusika pia mwili unapoumia, ilichangamka zaidi. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kazi hasa ya sehemu hiyo, kwa hiyo tusikimbilie kusema kwamba kutengwa na kuvunjika mguu ni kitu kimoja. Lakini kwamba kunauma, hilo halina ubishi.

Vijijini kwetu adhabu hii inajulikana. Asiyehudhuria misiba ya wenzake hususiwa: siku akifiwa, hakuna anayekuja kuchimba kaburi wala kupika, mpaka aombe radhi na kulipa faini. Ni adhabu nzito, ila ina njia ya kurudi. Anayetengwa kwa sababu ya kabila, dini au asili yake hana njia hiyo. Hakuna faini atakayolipa ili aache kuwa yeye.

Mtu wa namna hiyo hufanya nini? Barcelona, Hispania, ilitoa jibu moja linalostahili kusomwa taratibu. Mwaka 2018, Clara Pretus na wenzake walichapisha utafiti juu ya vijana 38 wa kiume wenye asili ya Morocco, waliochaguliwa kwa kuwa maoni yao yalionyesha wangeweza kuvutwa na siasa kali. Wote walicheza Cyberball na wachezaji wenye majina ya Kihispania. Baadhi wakashirikishwa, wengine wakanyimwa mpira. Baadaye, ndani ya MRI, waliulizwa wako tayari kiasi gani kupigana na hata kufa kwa ajili ya mambo mbalimbali. Katika yale waliyoyaona matakatifu, msimamo ulikuwa mkali tangu mwanzo. Badiliko lilitokea kwenye mambo ambayo wao wenyewe walikuwa wameyaona ya kujadilika, kama vile kufundishwa Uislamu shuleni. Kwa walionyimwa mpira, ubongo uliyashughulikia mambo hayo kama yale matakatifu, na utayari wa kuyapigania ukapanda.

Hapo ndipo penye uzito. Kutengwa kulipunguza mambo ambayo watu wangeweza kukaa chini na kuafikiana, na bila mambo ya namna hiyo hakuna mazungumzo ya kisiasa. Utafiti huo ni mdogo, na hauonyeshi kwamba kijana yeyote alitenda vurugu. Wala si sifa ya Waislamu au Wamorocco: kujiona "sisi" dhidi ya "wao" ni rahisi mno kwa binadamu yeyote. Miaka ya 1970, mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza, kwa kisingizio tu cha kupenda picha za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky. Hawakujua wenzao wa kundi ni akina nani hasa, lakini walipogawa pesa waliwapendelea wa kundi lao, na mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo ili mradi lile jingine lipitwe.

Kama kundi huzuka kirahisi hivyo, basi laweza pia kupanuliwa. Mwaka 2004, mchumi Edward Miguel alilinganisha Busia, Kenya, na Meatu, Tanzania. Kule Busia, maeneo yenye mchanganyiko zaidi wa makabila yalichangia shule za msingi fedha kidogo zaidi. Kule Meatu, pengo hilo halikuonekana. Yeye aliihusisha tofauti hiyo na siasa za kujenga taifa: Kiswahili, mitaala ya shule, na uongozi wa vijiji usiotegemea ukabila.

Urithi huo wa kujenga taifa unaharibiwa kwa vitendo vidogo vya kila siku. Afisa anayemuuliza raia kwao hasa ni wapi kabla ya kumpa fomu, na mwajiri anayesoma jina la ukoo kabla ya vyeti, waache. Madhara yake hayaishii dirishani pa ofisi.