Munganga na kutosha mimba: sheria inasema nini leo?

Wagenia, kama kwingine Kisangani, jambo hili linasemwa kwa sauti ya chini: munganga anayetosha mimba ataenda buloko, na mama aliyemfuata vilevile. Si uvumi wa mtaa. Kanuni ya makosa ya jinai, kifungu 165, inampa anayetosha mimba ya mwanamke kifungo cha miaka 5 hadi 15. Kifungu 166 kinampa mwanamke mwenyewe 5 hadi 10. Hakuna neno hata moja hapo juu ya binti aliyebakwa, wala juu ya mama ambaye mimba inataka kumuua.

Basi munganga alikuwa na njia mbili: kukataa, ao kufanya usiku bila kuandika kitu. Aliyekataliwa alienda kwa mizizi, kwa kwinini nyingi, kwa mtu mwenye chuma. Damu ikizidi ndipo jamaa wanambeba hospitali, na huko wanaficha sababu. Munganga asiyeambiwa ukweli anachelewa kutibu.

Kilichobadilika ni Mkataba wa Maputo wa 2003, juu ya haki za wanawake wa Afrika. Kongo iliuchapisha katika gazeti rasmi la serikali tarehe 14 Machi 2018, na Katiba yetu, kifungu 215, inaweka mikataba iliyochapishwa juu ya sheria za nchi. Tarehe 6 Aprili 2018, mkubwa wa Baraza Kuu la Mahakimu aliandikia mahakama na parke waache kushitaki watu kwa kesi ambazo mkataba unaruhusu: kubakwa, kushambuliwa kingono, mimba ya ndugu wa damu, mimba inayohatarisha afya ya mama, ya mwili ao ya akili, ao uhai wake ao wa mtoto tumboni. Na ni kazi ya munganga, si ya chumbani. Mwaka 2020 Wizara ya Afya ikatoa miongozo kwa waganga. Nje ya hali hizo, kifungu 165 kingali kinauma.

Je, aliyebakwa alete kwanza hukumu ya tribinali? Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilieleza mwaka 2014 kwamba hapana. Hesabu mwenyewe kesi ya ubakaji inachukua miezi mingapi hapa kwetu, halafu hesabu miezi ya mimba.

Shida iliyobaki ni kwamba kitabu cha jinai hakikuandikwa upya. Polisi akikifungua, anakuta 165 ileile, na munganga wa kituo kidogo analijua hilo. Ndiyo maana wengine wanaendelea kukataa hata pale wanaporuhusiwa.

Aliyebakwa afike kituo cha afya mbele ya saa 72, apewe dawa ya kukinga ukimwi na ya kuzuia mimba. Akichelewa, aende tu. Na mwanamke anayetoka damu anatibiwa mara moja, hata kama mimba ilitoshwa kwa njia gani: kumtibu si kosa.