Nukta na Pikseli: Ukali wa Picha za Hati za Kale

Ukali wa picha, yaani uwezo wake wa kuonyesha vitu vidogo bila kuvichanganya, una uzito wa pekee kwa wachunguzi wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika hati hizo, mwanzoni mwa neno, herufi ba, ta na nuni zina umbo moja; hutofautishwa kwa nukta tu. Nukta zikipotea, msomaji hawezi kujua kama mwandishi alikusudia bunda, tunda au nunda.

Picha ya filamu nyeusi na nyeupe huundwa kwa chembe za fedha zilizotawanyika bila mpango. Picha ya dijitali huundwa kwa pikseli, yaani miraba midogo iliyopangwa kwa safu. Zikikuzwa kupita kiasi, ya kwanza huonyesha chembe zake, na ya pili miraba yake.

Ichukuliwe karatasi yenye upana wa sentimeta 20 na urefu wa sentimeta 30, ambayo nukta zake zina upana wa nusu milimeta. Picha yenye pikseli 600 kwa upana huipa kila milimeta pikseli 3. Nukta hupata 1,5 tu, na nukta mbili zilizokaribiana huungana. Pikseli 2400 huipa kila milimeta 12, karibu sawa na 300 kwa inchi, kipimo kinachotakiwa kwa kawaida katika uchapaji. Nukta hupata 6. Katika negatifu ya milimeta 24 kwa 36, nukta hiyo hupungua hadi milimeta 0,06. Hata hivyo, filamu yenye chembe laini, inayotenganisha mistari 50 katika milimeta moja, huihifadhi.

Makosa mawili hutokea mara nyingi. La kwanza ni kuamini namba 300 iliyoandikwa katika faili: pikseli 600 zikichapwa kwa kipimo hicho hutoa upana wa sentimeta 5 tu. La pili ni kukuza picha hafifu kwa programu ya kompyuta. Programu huongeza pikseli kwa kukisia kutoka zile jirani. Hivyo yaweza kufuta nukta iliyokuwapo, au kuzua isiyokuwapo.

Kwa hiyo, yafaa kuuliza si picha ina pikseli milioni ngapi, bali kila milimeta ya hati imepata pikseli ngapi. Tena, negatifu isitupwe baada ya kunakiliwa kwa skana. Nakala ikiwa hafifu, negatifu yaweza kunakiliwa upya. Lakini nukta ambayo haikuingia katika faili haiwezi kurudishwa.