Je, Wajua? Wimbi lisilosikika linaloongoza sauti

Programu za kutengenezea muziki, kama FL Studio na Ableton Live, zinaweza kubadilisha sauti zenyewe bila prodyuza kugusa kitu. Kazi hiyo hufanywa na wimbi la polepole ambalo sikio halilisikii, kwa kawaida chini ya hezi 20.

Tuseme studio mjini Nakuru imerekodi chepkong, kinubi cha Wakipsigis, kwa wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika. Wimbi la hezi 0.5 hukamilisha mzunguko mmoja kila sekunde 2, sawa na mapigo manne. Likielekezwa kwenye kiwango cha sauti, mlio wa nyuzi hupanda na kushuka. Kwenye kichujio, hung'aa kisha hufifia. Likiongezwa kasi hadi hezi 5 au 6 na kuelekezwa kwenye wembamba wa sauti, mlio hutetema kama koo la mwimbaji.

Likipita sana hezi 20, mtetemo hausikiki tena. Huzaliwa sauti mpya kabisa. John Chowning aligundua matumizi hayo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967. Kampuni ya Yamaha iliyatumia kuunda kinanda cha DX7, kilichotoka mwaka 1983.