Umbo la Gamba na Utambuzi wa Spishi katika Familia ya Littorinidae

Littorinidae ni familia ya konokono wadogo wa baharini. Wengi wao huishi kwenye miamba, katika ukanda unaofunikwa na maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa. Hula mwani mwembamba unaoota juu ya mawe na, wakati wa jua kali, hujifungia ndani ya gamba kwa kifuniko kigumu ili kuhifadhi unyevu. Kwa kuwa gamba hudumu hata baada ya mnyama kufa, wanasayansi wa awali walilitumia kama kigezo kikuu cha kubainisha spishi. Kigezo hicho kina upungufu wa aina mbili.

Upungufu wa kwanza ni kuigawa spishi moja. Mathalani, Littorina saxatilis, iliyopewa jina na Olivi mwaka 1792, hubadilika sana kulingana na mazingira. Katika pwani ya magharibi ya Uswidi, konokono wanaoishi penye kaa huwa wakubwa na wenye gamba nene lisilovunjika kwa urahisi. Wale wa kwenye miamba inayopigwa na mawimbi huwa wadogo, wenye gamba jembamba na mdomo mpana unaoruhusu mguu mkubwa kushika mwamba. Hata hivyo, makundi hayo yanapokutana huzaliana. Tofauti za namna hii zilisababisha spishi hiyo ipewe majina mengi.

Upungufu wa pili ni kuziunganisha spishi tofauti. Littorina arcana, inayoishi pia Uingereza, ilibainishwa mwaka 1978 tu, kwa sababu gamba lake hufanana mno na la L. saxatilis. Tofauti iko katika uzazi: jike la L. saxatilis hulea mayai ndani ya mwili na kuzaa konokono wachanga, ilhali jike la L. arcana hutaga mayai yenye ute mwambani.

Hoja hii inahusu pia pwani ya Afrika Mashariki, ambako Littoraria scabra, wa familia hiyohiyo, huishi kwenye mikoko. Mwaka 1986, David Reid alionyesha kwamba jina hilo lilikuwa limefunika spishi kadhaa za mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Kwa hiyo, orodha ya bioanuwai inayotokana na magamba pekee inaweza kuzidisha au kupunguza idadi ya spishi. Uchunguzi wa viungo vya uzazi ni sehemu ya lazima ya utambuzi.