Kunyoa Upande Mmoja

Wako watu wanaolipa ada ya kozi ya ushonaji au ya kompyuta, wakahudhuria majuma mawili, kisha basi. Nafasi hakuna: leo harusi, kesho msiba, na simu haitulii.

Demosthenes wa Athens, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaka kuhutubia mkutano wa raia. Sauti yake ilikuwa dhaifu na pumzi ikimkatikia katikati ya maneno, watu wakamcheka. Plutarch, aliyeandika habari zake miaka zaidi ya 400 baadaye, asimulia kwamba alijenga chumba chini ya ardhi, akawa akishuka humo kila siku kuzoeza sauti na mikono. Mara nyingi alikaa miezi miwili au mitatu mfululizo. Na ili asitamani kutoka, alinyoa upande mmoja wa kichwa. Nani angekatiza sokoni vile?

Inachekesha, lakini bwana yule hakuitegemea nia yake. Nia huchoka. Aliiziba njia ya kutokea kabla hajachoka.

Mfanyakazi wa leo haipati miezi hiyo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 28. Akitenga 10, simu akamwachia shemeji, cherehani ataijua. Mama mwenye watoto wadogo hata hizo 10 hazipati, mpaka baba akubali kupika na kuogesha watoto. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ada haijalipwa.