Siti: cheo kilichomwendea mfinyanzi

Leo ukimwita mtu Siti, Unguja au Dar es Salaam, ni jina tu, kama Asha au Zuhura. Zamani lilikuwa cheo. Limetoka katika Kiarabu, "sitti", yaani bibi yangu, na aliyeitwa hivyo alikuwa mwanamke wa kiungwana, mwenye ukoo na watumishi. Lamu na Mombasa walisema "Mwana", kama Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi wa wosia mwaka 1858. "Bibi" nalo waliitwa kina mama wa jumba la sultani wa Unguja. Sasa wengi wetu tukilisikia tunamkumbuka mama mzaa mama.

Uungwana huo mtu alizaliwa nao. Mwanamke mtumwa alivaa vitambaa duni vya kaniki au merikani, kichwa wazi, miguu pekupeku. Kujifunika kichwa kulikuwa kwa mabibi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa wakaingia kanga, baadaye buibui, wakajistiri kama mabibi zao wa jana. Wapo waliowaona wanajishaua. Mimi naona walikuwa wanadai utu wao, tena kwa haki.

Miaka hiyohiyo, kijijini Fumba, Unguja, alikuwako binti mfinyanzi. Alizaliwa mnamo 1880, baba Mnyamwezi, mama Mzigua, akapewa jina Mtumwa. Mtumwa binti Saad! Hebu fikiri kuitikia jina hilo kila asubuhi. Alifinyanga vyungu akavitembeza kuviuza, na sauti ya kunadi ikawa nzuri kuliko vyungu vyenyewe. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafunzwa kuimba na wanamuziki wa taarabu. Taarabu ya jumba la sultani ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, na walioishi Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini, wakasikia habari zao wenyewe. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Mshairi Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Mjini ndiko alikoitwa Siti. Hakuwa na ukoo wa kumpa cheo hicho, wala mume tajiri. Alikuwa na koo lake tu, na adabu ya kazi yake. Kwangu mimi, hakuna aliyelistahili neno hilo kumshinda.

Alifariki mwaka 1950, na jina Mtumwa lilikwisha sahaulika. Chama cha wanahabari wanawake Tanzania, TAMWA, kikaliita jarida lake Sauti ya Siti. Nawe kama nyumbani kwako yumo Siti, mkalishe umweleze maana ya jina lake, na nani alilibeba kabla yake.