UVIKO-19 kwa vijana wenye saratani

UVIKO-19 kwa vijana wenye saratani ni maambukizi ya virusi vya korona vya SARS-CoV-2 yanayowapata vijana balehe na watu wazima wa umri mdogo walio na saratani au wanaoendelea na matibabu yake. Kwa vijana walio wengi UVIKO-19 huwa ugonjwa mwepesi. Kwa wenye saratani, hatari hutegemea hali ya kinga ya mwili na hatua ya matibabu. Tena wanaweza kudhurika ikiwa tiba ya saratani itacheleweshwa.

== Umri na aina za saratani ==
Mipaka ya umri wa kundi hili hutofautiana. Nchini Marekani, Taasisi ya Taifa ya Saratani huhesabu miaka 15 hadi 39, lakini Uingereza huduma maalumu za saratani kwa vijana huishia kwa kawaida kwenye miaka 24. Saratani zinazoonekana katika umri huu ni pamoja na lukemia, limfoma ya Hodgkin, saratani za mifupa, saratani ya korodani na uvimbe wa ubongo.

== Jinsi kinga inavyodhoofika ==
Dawa za tibakemikali huua seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ni za namna hiyo, lakini pia zile za uboho, mahali damu inapotengenezwa. Matokeo yake ni upungufu wa seli nyeupe za damu, hasa neutrofili, ambazo hupambana na bakteria, na limfositi, ambazo hupambana na virusi na kutengeneza kingamwili. Lukemia yenyewe pia huharibu kazi ya uboho. Waliopandikizwa uboho, au wanaopewa dawa zinazoondoa limfositi B kama rituximab, huweza kubaki na kinga dhaifu kwa miezi mingi. Kwa wagonjwa wa namna hiyo virusi vinaweza kukaa mwilini kwa wiki kadhaa au hata miezi.

== Dalili ==
Dalili za kawaida ni homa, kikohozi, maumivu ya koo, uchovu na kupoteza uwezo wa kunusa au kuonja. Baadhi ya hizo, kama uchovu na mabadiliko ya ladha, husababishwa pia na tibakemikali, hivyo ni rahisi kuzipuuza.

Homa inayofikia nyuzi 38 za Selsiasi kwa mgonjwa aliye kwenye tibakemikali ni dharura, hata kama kipimo cha korona kimethibitisha maambukizi. Anaweza kuwa na bakteria kwenye damu wakati huohuo, na bila viuavijasumu anaweza kufa katika muda mfupi. Hivyo hapaswi kusubiri nyumbani aone kama homa itashuka.

== Ukali wa ugonjwa ==
Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la ''The Lancet Oncology'' ulikusanya taarifa za wagonjwa wa saratani wenye umri chini ya miaka 19 kutoka nchi 45. Takriban mmoja kati ya watano alipata ugonjwa mkali au mahututi, na karibu asilimia 4 walifariki kwa sababu ya UVIKO-19. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wenye umri wa miaka 15 hadi 18, wenye upungufu mkubwa wa neutrofili au limfositi, waliokuwa kwenye tiba kali, na wakazi wa nchi zenye kipato cha chini au cha chini-kati.

== Athari kwa tiba ya saratani ==
Katika utafiti huohuo, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliokuwa wakiendelea na tiba ya saratani walibadilishiwa tiba hiyo. Uamuzi huo ni mgumu: kuendelea na dawa kunaweza kuzidisha maambukizi, na kusimama kunaweza kuipa saratani nafasi ya kukua. Hivyo madaktari hupima hali ya kila mgonjwa, na mgonjwa hapaswi kuacha dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Wakati wa janga hilo hospitali nyingi zilipunguza pia idadi ya watu wanaoruhusiwa kumtembelea au kumsindikiza mgonjwa. Vijana wengi walipokea habari za ugonjwa wao au kutibiwa bila wazazi, wenzi au marafiki karibu.

== Kinga na matibabu ==
Chanjo hupunguza hatari ya ugonjwa mkali. Nchini Marekani chanjo ya Pfizer-BioNTech iliruhusiwa kwa wenye miaka 16 na zaidi Desemba 2020, kisha kwa wenye miaka 12 hadi 15 Mei 2021. Kwa kuwa miili yenye kinga dhaifu hutengeneza kingamwili chache, wagonjwa hao huhitaji dozi za ziada. Chanjo ya wanafamilia, barakoa, kunawa mikono na kuepuka msongamano huongeza usalama.

Dawa za kupambana na virusi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema. Hata hivyo, Paxlovid ina ritonavir, ambayo huzuia ini kuvunja dawa nyingine. Kwa mfano, inaweza kuongeza sumu ya vincristine, inayotumika kutibu lukemia na limfoma. Kwa hiyo daktari wa saratani anapaswa kuulizwa kabla ya kuitumia.

== Tazama pia ==
* Saratani
* Lukemia
* UVIKO-19
* Chanjo